Watu Tisa wa Mgongo wa Makombe

Jina la kwanza lilipotajwa, Bi Mize Ameir alisema "Mungu amrehemu," kama wenzake wote. La pili lilipotajwa akanyamaza. La tatu lilipotajwa akaipapasa nguzo ya makumbusho apate pa kuegemea.

Watu walijaa uani tangu asubuhi. Watu wa Kijini walikaa upande wa kivuli na wa Mchangani, kijiji cha pili cha kisiwa, upande wa jua, kama walivyozoea kukaa hata misibani. Jumba lenyewe dogo: chumba kimoja kirefu cha mawe ya matumbawe, na makabati sita ya vioo yenye vigae, mawe ya kuchongwa na shanga za makombe, vitu vya watu walioishi kisiwani Tundwe kabla ya jembe na kabla ya kitabu. Mwaka huu palikuwa na kitu cha saba. Kiliitwa Msomaji, mtambo mweupe wa kimo cha mtoto wa miaka saba, usio na mlio. Kila mtu kisiwani, mkubwa kwa mdogo, alikwisha kupanguswa ulimi kwa pamba, na pamba zote zikaingia tumboni mwa Msomaji. Kisha akatiliwa vumbi lililokwanguliwa juu ya mifupa ya watu tisa wa kale, iliyofukuliwa kilimani Mgongo wa Makombe. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusema nani ni jamaa wa nani.

"Mfupa wa tatu," alisoma Dakta Tumsime, mwanamke mrefu aliyetumwa na Baraza la Visiwa kutoka bara. "Una ujamaa na ukoo wa marehemu Time Haji, wa Kijini."

Vigelegele vikapanda. Mwanamume mmoja akasimama juu ya ndoo. "Tulisema! Tulisema sisi ndio wenye mji!"

Upande wa jua hakuna aliyekohoa.

Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Bahari ilikuwa imeshakula uwanja wa mpira, msikiti wa zamani na visima vinne. Baraza lilikuwa linajenga kuta za kuzunguka visiwa, lakini kwa kisiwa chenye wenyewe tu, na mtambo wa maji matamu ulitosha watu mia sita, basi. Kijini walikuwa watu mia tano na themanini, Mchangani mia nne na kumi na mbili. Wale ambao damu yao ingeonekana kwenye mifupa ya mwanzo wangebaki ndani ya ukuta. Wasioonekana wangepelekwa bara, kambini, kule ambako watu wa visiwa vilivyozama wanapangwa kwa safu kama mihogo. Na kama mifupa ingekuwa haina jamaa aliye hai, kisiwa kingeandikwa hakina mwenyewe, ukuta usijengwe, wote waondoke.

"Mfupa wa nne. Ukoo wa marehemu Mwanaacha Juma, wa Kijini."

Mwanashaha Faki. Kijakazi Mcha. Time Haji. Mwanaacha Juma. Watu walisikia koo kubwa za Kijini, kila ukoo ukitajwa kwa jina la mkubwa wake aliyekufa mwisho. Bi Mize alisikia jambo jingine. Wote walikuwa wanawake. Wote walikufa mwaka jana, baina ya Rajabu na Shaabani, homa kali ilipopita kisiwani. Na wote, mmoja baada ya mwenziwe, walipita mikononi mwake.

*

Bi Mize alikuwa muosha maiti wa wanawake wa Kijini kwa miaka ishirini na sita. Mchangani walikuwa na muosha wao. Kazi hii aliirithi kwa mama mkwe wake, na pamoja na kazi alirithi kitambaa. Kwingine kitambaa cha kuoshea hutupwa akishazikwa mtu. Kijini hakitupwi. Kimeshonwa mfano wa mfuko wa kuvaa mkononi, hufuliwa, huanikwa juani, hurudi kazini mpaka kiishe chenyewe. Wakubwa walisema mkono uliokwisha kuijua njia haubadilishwi.

Mumewe alipofariki, shemeji yake, Mzee Vuai, aliyekuwa mtunza makumbusho, alimpa kazi ya kufagia. Wachimbaji walipoleta mifupa akaambiwa aisafishe. Masharti yalikuwa manne: brashi kavu, glavu, barakoa, na kutosema sana. Akayafuata siku mbili.

Siku ya tatu akafungua sinia la tano. Ndani alilala mwanamke, ubavu wa kulia chini, na juu ya mbavu zake vifupa vyembamba mfano wa njiti za kibiriti. Alizikwa na kichanga chake. Mchanga ulikuwa umemjaa machoni.

Bi Mize alikaa akamtazama. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwacha mwanamke namna hiyo, na mchanga machoni, mtu anapita, mtu anarudi, wengine wanakula andazi pembeni yake. Alijua sheikh angemwambia hawa hawana josho, ni watu wa kabla ya Mtume, waache. Ndiyo maana hakumwuliza. Hakukusudia kuwasalia, hakutaka kumsingizia Mungu. Alisema moyoni kwamba maiti asiye na mtu ni wa jirani, na jirani aliyekuwepo ni yeye.

Ijumaa, wenziwe walipokwenda kusali, akachemsha maji kwa majani ya mkunazi, akatia kafuri, akavaa kile kitambaa. Akawaosha wote tisa, mara tatu tatu, kulia kwanza. Kichanga alikiosha kwa ncha ya kidole. Akawafuta, akawaanika kidogo, akawarudisha kwenye masinia yao. Siku ile alilala usingizi mzuri, na hakumwambia mtu, kwani wema wa namna ile ukiutaja unapungua.

*

"Shemeji," alimwambia Mzee Vuai mchana ule ule wa majina, watu waliposhaondoka na ua umebaki na maganda ya karanga, "huyu Msomaji anajuaje kama vumbi ni la zamani? Kama mimi nimeupigia chafya mfupa, hatasema ni wangu?"

Vuai alikuwa na furaha iliyompunguzia miaka. "Hee! Leo mfagiaji anataka udaktari." Akavuta kigoda. "Sikiliza. Ndani ya kila mtu mna nyuzi za asili yake. Nyuzi za mtu wa jana ni ndefu, nzima, kama uzi wa cherehani. Za mtu wa miaka elfu tatu zimekatikakatika, makapi matupu. Msomaji huzitupa ndefu, husoma makapi. Chafya yako ni ndefu, shemeji. Ataitupa."

"Na nyuzi za jana haziwezi kukatika?"

"Zinaweza. Uzichemshe. Au uzitie dawa kali, sijui chokaa, sijui..." Akasita. Alikuwa ameoa, ameoza, amezika. Alijua maiti huoshwa kwa vitu gani. Akamwangalia Bi Mize mikononi, kisha usoni, na ile miaka iliyokuwa imempungua ikamrudia yote.

"Mize. Usiniambie."

"Sijakwambia."

"Basi usiniambie!" Akainuka, akafunga mlango wa jumba, akabaki amelishika komeo. "Wangapi?"

"Wote tisa."

"Kwa maji ya moto?"

"Maiti haoshwi kwa maji ya baridi, Vuai. Unataka niwatese?"

Vuai alicheka, kicheko kibaya kilichofanana na kikohozi. Kisha akaja karibu, akasema polepole kama anayempimia mtoto dawa. "Mwanao Raya ana mimba ya miezi mingapi?"

"Saba."

"Kambini walizaliwa watoto arubaini mwaka jana. Uliza wamebaki wangapi. Ukilitoa hili mdomoni, si kwamba Mchangani watabaki. Hawatabaki. Mifupa itakuwa haina mwenyewe, na sisi sote tutakwenda. Humwokoi mtu hata mmoja. Unaongeza wa kuzama tu."

"Na wale wanaokwenda kwa uongo wangu?"

"Hukusema uongo. Uliosha maiti."

"Nilikuwa sijasema uongo mpaka leo asubuhi," alisema Bi Mize. "Sasa kila siku ninayonyamaza ninausema."

*

Alhamisi Somoe alimjia jikoni. Somoe Chande alikuwa muosha wa Mchangani, na mwaka ule wa homa walikuwa wakiazimana kafuri na kutaniana juu ya matundu ya maiti ya kuzibwa pamba, utani ambao mtu mwingine asingeuvumilia. Babu wa babu yake alikuja Tundwe kukata mawe ya chokaa. Siku hiyo Somoe alikuwa na sufuria kubwa kichwani.

"Haya mwenye mji, pokea. Kambini hawaruhusu sufuria zaidi ya mbili. Hii ya pilau. Usiniungulishie."

"Somoe, keti kwanza."

"Nikikaa nitalia, na mimi nikilia ninakuwa mbaya, wewe unajua." Akaiteremsha sufuria. Akafuta jasho. "Unajua kilichoniuma? Si kuondoka. Siku ile pale uani, mjukuu wangu aliniuliza, bibi, kumbe sisi wageni? Nikamwambia ndiyo. Nikasema ndiyo mwenyewe, kwa mdomo huu. Mashine imesema, nani tena wa kubisha?"

Bi Mize alifungua mdomo. Mlangoni akatokea Raya, tumbo mbele, mkono kiunoni, akamwamkia Somoe, "Shikamoo shangazi," na sauti yake nzito kwa usingizi wa mchana. Bi Mize akaufunga mdomo. Akasema tu, "Sufuria nitakutunzia."

Alichukia namna alivyolitamka neno lile, kama mtu mwema.

*

Kabla ya karatasi kupelekwa bara, sheria ilitaka Kiapo cha Mikono: kila aliyeigusa mifupa, tangu mchimbaji wa kwanza hadi mfagiaji, aeleze alivyoigusa na aweke kidole gumba. Jambo la dakika mbili. Waliokwisha kuapa walitoka wakipiga miayo.

Bi Mize aliingia mwisho. Raya alikuja naye kwa sababu aliona mama yake siku tatu hali chakula. Mzee Vuai alisimama ukutani, baina ya kabati la vigae na kabati la shanga, akitazama sakafu.

"Mama, karibu," alisema Dakta Tumsime. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayesoma sana. "Ninakusomea, wewe unaitikia. 'Niliisafisha mifupa kwa brashi kavu tu, kwa glavu, bila maji wala dawa.' Ndiyo?"

Nje kulikuwa na mashine ya kuchimbia msingi wa ukuta, imeanza kazi upande wa Kijini. Sakafu ilitetemeka chini ya nyayo za Bi Mize. Alifikiria kichanga tumboni mwa Raya. Alifikiria kambi na safu zake. Aliwafikiria watu mia nne na kumi na mbili, na yule mjukuu aliyeambiwa ndiyo. Akatafuta ndani yake neno ambalo lingewatosha wote, kama mtu anayetafuta shuka la kufunika watoto wengi, na kila alipolivuta huku, kule miguu ikabaki wazi.

"Mama?"

"Siwezi kuapa hivyo," alisema Bi Mize. "Niliwaosha."

"Uliwafuta kwa maji?"

"Niliwaosha josho la maiti. Mkunazi na kafuri, maji ya kuchemka, kwa kitambaa nilichowaoshea Mwanashaha, na Kijakazi, na Time, na Mwanaacha. Uliyoyasoma pale uani si majina ya mababu, mwanangu. Ni majina ya shoga zangu."

Raya alisema, "Mama, nyamaza," kwa sauti ndogo, kama aliyeona kikombe kikianguka na mkono haufiki.

Dakta Tumsime aliiweka kalamu. Mtu angedhani atakasirika, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kusihi. "Nimefanya visiwa kumi na kimoja. Hiki ndicho cha kwanza kupata wenyewe. Cha kwanza, mama. Unaelewa? Nilikwenda bafuni nikalia." Akamgeukia Vuai. "Ulijua?"

Vuai akageukia kabati la shanga.

"Ipo njia moja," akasema Dakta. "Ndani ya kichwa, nyuma ya sikio, mna mfupa mgumu kama jiwe. Maji hayaingii. Nyuzi zake ni zake peke yake. Hatukuutumia kwa sababu ili usomwe lazima usagwe wote, na vichwa vingine vimebomoka. Kimebaki kizima kimoja."

"Sinia la ngapi?" aliuliza Bi Mize, ingawa alijua.

"La tano."

*

Sheria ilitaka shahidi, na Bi Mize hakuona haki ya kukataa. Siku ya pili alisimama mbele ya kioo akatazama. Kichwa cha yule mwanamke kiliwekwa juu ya kitanda kidogo cha mpira. Msumeno ulikuwa mwembamba kama uzi, ukaingia nyuma ya sikio bila kelele, ukatoa kijiwe cheupe kisichozidi punje ya hindi. Kijiwe kikatiwa kwenye kinu cha chuma. Kinu kilipokoma, mlikuwa na unga wa kufunika ukucha. Bi Mize aliyemtoa mchanga machoni sasa alimshuhudia akisagwa. Alisoma Fatiha mpaka katikati, akakumbuka kwamba si mtu wa Fatiha, akaimaliza hata hivyo.

Msomaji alichukua saa mbili na nusu. Wakati huo habari ilikuwa imeshatoka nje. Ua ulijaa tena, lakini safari hii hapakuwa na upande wa jua wala wa kivuli, kwa kuwa kila mtu alitaka kuwa karibu na mlango. Mchangani walikuwa na matumaini, na ilitisha kuwaona nayo. Pengine ni wetu, walisema. Nani ajuaye?

Dakta Tumsime alitoka bila kibao cha kusomea. Hakukihitaji.

"Mwanamke huyu," alisema, "hana jamaa Kijini. Hana jamaa Mchangani. Nimemtafuta katika visiwa vyote na pwani yote, katika kila ulimi uliopanguswa. Watu wa Mgongo wa Makombe walikwisha. Hawakuacha mtu."

Mashine ya msingi upande wa Kijini iliendelea kutetemesha ardhi kwa muda, maana dereva wake alikuwa hajaambiwa. Kisha ikazimwa, na hapo ndipo watu wakaanza kulia.

*

Waliondoka kwa siku nne. Mzee Vuai alifunga makumbusho. Wale tisa Baraza halikuwahitaji tena, akawarudisha Mgongo wa Makombe kwa toroli, peke yake, na hakumwomba Bi Mize msaada. Kijini hawakumtukana Bi Mize. Walifanya lililo zito zaidi: siku ya pili alikufa ajuza mmoja wa mtaa wake, wakamwita muosha wa Mchangani.

Raya alifunga mizigo kimya. Alisema mara moja tu, akikunja nguo za mtoto. "Wewe umeshatoharika, mama. Mimi ndiye nitakayezaa kule."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Bi Mize. Hakuongeza neno, kwani la kuongeza lingekuwa la kujitetea.

Asubuhi ya mwisho, gatini, alimwona Somoe amekalia sanduku lake la bati. Alimwendea. Moyoni, Mungu amsamehe, alitarajia neno. Kama si shukrani, basi salamu yenye joto. Ni kwa ajili ya nani mtu ameukata mkono wake mwenyewe?

"Umefurahi?" Somoe aliuliza, hakumtazama.

"Sikuweza kukuacha uende kwa uongo, Somoe. Wewe si mgeni. Hakuna mgeni hapa, wala hakuna mwenyeji."

"Nilikuwa nimeshakubali mimi." Somoe aliuvuta mtandio, akaukaza. "Nimezika watoto watatu hapa, na mume, na mama. Usiku nilikuwa nikijiambia, twendeni, yupo Mize. Sikukuusia juu yao kwa sababu niliona haina haja, mtu haambiwi kazi yake. Nikajua Ijumaa utapita makaburini kwao. Utawatolea salamu, utang'oa magugu. Sasa nani? Maji?" Hapo ndipo akamtazama. "Sikukuomba haki, Mize. Ungenyamaza, wangekuwa na mtu."

Bi Mize alisimama pale na jua likimpiga usoni. Alikuwa amewapima watu wote usiku na mchana: mia tano na themanini, mia nne na kumi na mbili, kichanga cha Raya, mwanamke wa sinia la tano. Wale waliolala chini ya mchanga wa Mchangani hakuwahesabu. Yeye, muosha maiti, hakuwahesabu.

Karani aliita jina la Somoe Chande. Somoe akainuka, akalishika sanduku kwa mkono mmoja, likamshinda. Bi Mize akainama akashika upande wa pili. Somoe hakumzuia, wala hakumshukuru. Wakalinyanyua, wakaenda nalo hatua kwa hatua, kila mmoja akitazama kwake, kama wanavyokwenda watu wawili waliozoea kubeba.